Kanisa la Tatu

Haya. Tulimwacha Ornella mlangoni mwa kanisa la San Nicola, pale Barabara ya Toledo, kiganja mdomoni, macho yamemtoka, akilitazama koti la kijivu. Najua wiki nzima mmekuwa mkimtetea yule bwana. Makoti ya kijivu yamejaa Napoli, mmesema, huenda si yeye. Poleni sana. Ni yeye.

Mkanda wa mgongoni una vifungo viwili, kimoja cha kahawia na kimoja cheusi. Hicho cheusi Ornella alikishona kwa mkono wake asubuhi ile ile, wamejibanza ngazini, mwenye koti akimnong'oneza, "Una mikono ya dhahabu, roho yangu." Sasa kwenye mkono wa kulia wa koti hilo hilo ananing'inia mwanamke mwingine.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, shika haya upesi. Mwenye koti anaitwa Catello Amitrano, kijana wa hapa hapa Napoli, aliyepanda kaskazini kufanya kazi kiwandani Torino. Huko Torino, mwezi wa Februari, alimwoa Ornella Sannino katika ofisi ya manispaa. Hapakuwa na padri wala maua, mashahidi walikuwa wafanyakazi wenzake wawili waliokuwa na haraka ya kurudi zamu.

"Tusimwambie mtu mpaka Jumapili ya Pasaka," Catello alimwomba. "Mama yangu ana moyo mbovu, lazima nimwandae. Tutakwenda Napoli likizo, atakuona, atatubariki, kisha tutaingia kanisani kama watu."

Ornella akakubali. Akafikia kwa Titina, shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, akawa analala kitanda kimoja na binamu yake Luisella. Pete yake ya ndoa aliifunga kwenye leso, akaificha kifuani.

Na likizo ilikuwa tamu, tusimnyime haki yake. Kila siku Catello alimtembeza kwa miguu mpaka viatu vikalainika. Walipanda ngazi za Petraio, bahari ikichungulia kila kona. Walipita soko la Pignasecca wakila pizza ya kukaanga iliyokunjwa kwenye karatasi. Walitembea chini ya kamba za nguo mtaa wa Sanità, wakidondokewa na matone ya maji, wakicheka. Jambo moja tu halikutokea. Kila Ornella aliposema, "Twende Toledo, baba alikuwa haishi kunihadithia," bwana alicheka na kumvuta upande mwingine.

"Toledo ni ya watalii," alisema. "Napoli yenyewe iko vichochoroni."

Leo, Alhamisi Kuu, alimpeleka kusali makanisa mawili kule Sanità, kisha akamwambia, "Miguu yako imechoka, kapumzike kwa shangazi. Mimi nakwenda kumwona mjomba hospitalini."

Hapo ndipo Catello alipojikwaa. Alimwona mkewe kama mtu wa kaskazini asiyejua kitu, akasahau kwamba ni binti wa Vincenzo Sannino, mzaliwa wa vichochoro hivi. Na mzaliwa wa hapa hata awe mlevi humfundisha mwanawe jambo hili: makanisa ya Alhamisi Kuu hayaendi kwa jozi. Unatembelea moja, au matatu, au matano. Ukiishia mawili, umejitakia nuksi ya mwaka mzima. Ornella alilala kitandani akitazama dari, akashindwa kuvumilia. Akavaa viatu, akatoka peke yake kwenda kutafuta la tatu, na kwa kuwa hakuwa na wa kumzuia, akashika njia ya Toledo.

Sasa tuendelee.

Ndani ya kanisa watu walikuwa wamepiga magoti mbele ya altare iliyopambwa kwa ngano nyeupe, ile inayooteshwa gizani. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Ornella alisogea hatua moja. Koti la kijivu likageuka. Na yule mwanamke naye akageuka.

Lo! Alikuwa Luisella, binamu yake, mtoto wa Titina, yule yule anayemwachia mto laini kila usiku.

"Dada Ornella!" Luisella alinong'ona, uso umemchanua. "Umekuja! Mama alisema kichwa kinakuuma."

"Kimepona," Ornella alijibu.

Luisella alikuwa amevaa gauni jipya la samawati, pana, na koti jeupe juu yake. Catello alikuwa amevaa uso wa mtu aliyemeza mfupa.

"Karibu basi, tusali pamoja," Luisella alisema. "Unamjua Catello, si ndiye anayekutembeza? Mama alimwomba. Nilimwambia, mtembeze vizuri dada yangu, asije akasema kwao Torino kwamba hatuna adabu."

Huyu mtoto hana hili wala lile, msomaji. Mtazame machoni uone.

Ornella akamtazama mumewe. Catello akakusanya vidole vya mkono wa kushoto, akavitikisa kidogo chini chini, ishara ya kwao ya kusema: unataka nini tena? Mara kiwiko cha Ornella kikadakwa kutoka nyuma kwa nguvu kama ya polisi.

Alikuwa shangazi Titina, gauni jeusi jipya, rozari mkononi, mdomo umetabasamu na macho hayajatabasamu. Alimburuta mpaka nyuma ya nguzo.

"Umefuata nini huku?"

"Kanisa la tatu, shangazi."

"La tatu! Nani alikuambia mambo ya la tatu?"

"Kaka yako."

Titina akamsukuma kuelekea mlangoni. "Rudi nyumbani, mwanangu. Kome wamo kwenye beseni, hawajaoshwa, na leo bila mchuzi wa kome hakuna chakula mezani. Nenda kawaoshe."

"Shangazi, kwa nini Luisella ameshikana mkono na yule mwanamume?"

"Kwa sababu ni mchumba wake. Tangu kabla hajaenda huko kwenu kwenye baridi. Nilimkataza Luisella kukutajia mpaka leo. Sasa nyamaza, uko nyumba ya Mungu."

Mchumba! Nanyi mnajua maana ya jambo hili, au kama hamjui nitawaambia kwa neno moja. Mwanamume akipita Toledo siku ya Alhamisi Kuu ameshikana mkono na msichana aliyevaa nguo mpya, na mama wa msichana yuko nyuma yao, ameshatangaza. Mji mzima umekuwa shahidi. Kuanzia siku hiyo akimwacha, hana pa kupitishia uso wake.

Kwa hiyo hapa hapakuwa na mchezo. Akiipita Catello barabara ile na Luisella mkononi mpaka mwisho, basi Luisella ndiye mke mbele ya Napoli nzima, na Ornella atabaki na kijipete chake ndani ya leso kama kitu alichookota.

Walitoka nje. Mlangoni majirani wawili wakamrukia Luisella kumbusu na kumpongeza, na mama yake akawa anapokea sehemu yake ya mabusu. Ornella akapata nafasi yake. Akamshika Catello kola.

"Nieleze."

"Si hapa, roho yangu."

"Usiniite roho. Nieleze."

"Mambo ya wazee haya. Mama yangu na Titina walipanga tangu zamani. Nilikuwa nitakwambia baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka?"

"Sikutaka kukuharibia likizo."

Jamani! Nimeandika hadithi nyingi katika gazeti hili, nimeandika wezi na wauaji, lakini sentensi hii imenikalia kooni. Sikutaka kukuharibia likizo!

Ornella hakulia. Kilio kilimfika hapa, kikakwama, maana kitu kingine kilipita mbele yake. Aliona ngazi za Petraio. Aliona soko la Pignasecca, na kichochoro kile ambako Catello alimbusu ghafla na kumgeuzia ukutani, yeye akadhani ni mapenzi. Kumbe kuna mtu alikuwa anapita! Kila njia aliyoipenda katika mji huu, kila kona aliyojiahidi kuja kuwaonyesha watoto wake, ilikuwa ni mahali pa kufichwa. Alifichwa mchana kweupe, siku zote za likizo, huku akishukuru.

"Ulikuwa unanificha," alisema. "Ulikuwa unanitembeza ili unifiche."

"Punguza sauti, mke wangu, nakuomba."

"Ahaa. Mke wako nani?"

Luisella alikuwa anarudi, shavu moja jekundu kwa rangi ya midomo ya jirani. Akauchukua tena mkono wa kulia wa Catello. Ornella akatazama mkono wa kushoto. Ulikuwa mtupu.

Akaushika.

"Tuendelee basi," alisema. "Mimi Toledo sijaiona bado."

Luisella akacheka kwa furaha. "Haya! Kama ndugu!"

Titina akatoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa mkia, lakini angefanya nini? Barabara ilikuwa imefungwa kwa magari, watu wamebanana kutoka ukuta mpaka ukuta, hakuna anayeinua mguu, wote wanaburuta viatu vyao vipya taratibu kuelekea chini. Ukishaingia kwenye mto ule wa watu, hutoki. Catello alijaribu kuuchomoa mkono wake. Ornella akaubana kwa mbavu. Mwanamke aliyezoea kukamua mashuka dobini Torino si wa kuchezea.

Na watu wa Napoli wana macho, na wana midomo pia.

"Oyaa, Catello!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka kibaraza cha kinyozi. "Mmoja hakutoshi?"

"Huyo ni wa Alhamisi, na yule wa Ijumaa!" mwenzake akajibu.

"Niachie basi wa Jumapili, kaka, mimi sina mtu!"

Kicheko kikapita. Masikio ya Catello yakawa mekundu. Hata Luisella sasa hakucheka sana. Alimchungulia Ornella kupitia kifua cha Catello, akaona vidole vyake vilivyokwama kwenye lile koti.

"Dada, unaumwa?"

"Naumwa."

"Wapi?"

"Subiri kidogo, utaona."

Nyuma yao shangazi alikuwa anamfinya Ornella mgongoni na kunong'ona bila kuacha kutabasamu. "Mshenzi wewe. Nimekupa kitanda, nimekupa chakula. Ningejua, ningekuacha ulale stesheni."

"Ningejua, ningelala stesheni," Ornella akamjibu bila kugeuka.

Wakafika karibu na mlango wa Galleria, lile jengo la maduka lenye paa la kioo. Pale kwenye viti vya mkahawa, katikati ya wanawake wenye kofia, alikaa mwanamke mnene wa mashavu mekundu akigombana na mhudumu kuhusu kahawa iliyopoa. Sauti yake ilisikika kabla yeye hajaonekana. Alipowaona aliinuka mara moja, akasukuma kiti, akasukuma na mhudumu, akaja.

Huyo ndiye Bi Amalia, mama yake Catello, mgonjwa wetu wa moyo. Kama moyo ule ni mbovu, basi mimi ni askofu.

"Luisella, mwanangu!" Akambusu mashavu yote mawili. "Umependeza mpaka nimeogopa jicho la watu. Titina, umefanya kazi." Kisha macho yake yakatelemka upande wa pili wa mtoto wake, yakakutana na Ornella, yakashuka mpaka kwenye mkono, yakasimama pale. "Na huyu?"

Viatu vilivyokuwa vikiburutwa pembeni vilipunguza mwendo. Wanawake wenye kofia wakageuza viti.

Ornella akamwangalia mumewe. Nawaambieni ukweli, bado alikuwa na tumaini dogo. Mtu hampendi mwenzake miezi yote ile, halafu mapenzi yakaisha mara moja kama maji ya kikombe. Alijisemea moyoni: sasa. Sema sasa, Catello, nitakusamehe vichochoro vyote. Sema neno moja tu mbele ya mama yako.

"Mgeni wangu tu," Titina alidakia.

Na papo hapo, kwa pamoja, Catello naye akasema, "Mtalii, mama. Amepotea. Alikuwa ananiuliza njia."

Ornella akauachia mkono wake.

Aliuachia taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kizito ili kisimvunjie vidole. Machozi yaliyokwama yakateremka, akayaacha yateremke. Alipozungumza alizungumza Kinapoli cha baba yake, chenye lafudhi ya kaskazini pembeni, na kila aliyekuwa karibu alisikia.

"Ni kweli, Bi Amalia. Nimepotea," alisema. "Mwanao ni mwema sana, ananionyesha njia tangu nifike. Alinionyesha Petraio. Alinionyesha Pignasecca. Alinionyesha mtaa wa Sanità, kichochoro baada ya kichochoro, tukala sahani moja. Na mwezi wa Februari alinionyesha ofisi ya manispaa ya Torino, ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto. Huko ndiko nilikopotea kabisa. Mimi ni mke wake."

Akaitoa leso kifuani, akaifungua kwa meno, akavaa pete mbele yao.

"Maria Mtakatifu!" alisema mwanamke mmoja mwenye kofia, akavuta kiti mbele ili aone vizuri.

Kijana wa kibaraza cha kinyozi, ambaye alikuwa amewafuata nyuma kwa ajili ya kicheko, alivua kofia yake. Catello alikuwa akitazama ncha za viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ornella alikuwa akimsubiri hata aseme hapana, apate kumchukia vizuri, na hata hilo alimnyima.

Lakini Bi Amalia, msomaji! Wewe na mimi tulitegemea azimie. Au apige mayowe, au amrarue Ornella nywele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Hakumtazama hata Ornella. Alimgeukia Titina, akamwambia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeuziwa samaki waliooza:

"Titina, si ulinihakikishia huyu hatakanyaga Toledo mpaka tumpandishe treni Jumatatu?"

Ornella alisikia, lakini ilichukua muda maneno kuingia. Hatakanyaga Toledo. Mpaka tumpandishe treni.

"Mlijua," alisema.

Akamgeukia Titina.

"Shangazi. Ulijua kuwa mimi ni mke wake? Ulijua tangu siku ile uliponipokea stesheni, ukanikumbatia, ukalia, ukasema nina macho ya baba?"

"Una macho yake kweli," Titina alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Sikudanganya hapo. Lakini wewe ni wa kaka yangu, na huyu ni wangu. Ulitaka nifanyeje? Ndoa ya ofisini si ndoa, padri mwenyewe hawezi kuitambua. Wewe una kazi, una mji wako, utapata mwingine. Luisella hawezi kusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Mama!" Luisella alilia. "Mama, nyamaza!"

Luisella alikuwa ameuachia mkono wa Catello zamani, hakuna aliyeona saa ngapi. Uso wake ulikuwa umepauka mpaka midomo. Aliwatazama mmoja mmoja, mama yake, mama mkwe wake, kisha yule mwanamume ambaye asubuhi alimletea maua, na kwa kila mmoja alionekana kuuliza swali lile lile na kupata jibu lile lile.

"Na mimi pia mlinificha," alisema. "Mlijua ana mke, mkanivalisha gauni hili, mkanitembeza barabarani."

"Mwanangu..."

"Nilikuwa nikimwombea dada Ornella apate mume!"

Akapepesuka. Aliyekuwa karibu naye alikuwa Ornella. Msiniulize kwa nini alimdaka, angeweza kabisa kumwacha aanguke, na pengine ningemwelewa. Lakini mikono ilikwenda yenyewe. Akamzungushia kiunoni, ndani ya koti jeupe, akamvutia kwake ili asipige kichwa kwenye meza. Na pale, chini ya gauni pana la samawati, Ornella akalihisi tumbo. Lilikuwa gumu, la mviringo, na lilikuwa limefungwa kitambaa kwa nguvu ili lisionekane.

Akaganda. Luisella akamshika kola kwa mikono miwili, mdomo sikioni.

"Novemba," alinong'ona. "Alipokuja kuwasha mishumaa makaburini kwa marehemu wake. Aliniambia anarudi Torino kututafutia nyumba. Naapa sikujua, dada. Naapa kwa kaburi la baba."

Ornella alihesabu kimoyomoyo, akafika Februari, mimba ikiwa tayari na miezi mitatu, akaiona ile ofisi, na mumewe akitia sahihi huku akitabasamu.

Aliinua kichwa amtafute. Pale aliposimama Catello palikuwa na mhudumu na sinia lake. Mbali kidogo, kati ya mabega ya watu, koti la kijivu lilikuwa linapenya kuelekea stesheni, na lilikuwa halitembei tena, lilikuwa linakimbia.

"Mshikeni!" alipiga kelele Bi Amalia, na hapohapo Luisella akalegea mikononi mwa Ornella, akajikunja, akashika tumbo lake kwa viganja viwili.

"Dada," alisema, "kuna maji yananitoka."